Pantoni ya Kigamboni au kivuko cha Pangani: mtu wa Dodoma aende wapi?

Mbukwenyi. Tangu treni ya umeme ianze kufika kwetu Dodoma, tarehe 25 Julai 2024, watu wananiuliza swali lilelile kwa midomo tofauti. Jirani yangu wa nyumba ya pili ana watoto watatu ambao hawajawahi kuona gari likielea juu ya maji. Fundi wangu wa nguo pale Makole ana baba mzee anayesema kila siku kwamba atakufa hajaiona bahari. Mwalimu mmoja wa historia anayekaa Miyuji anatafuta mahali pa kupeleka wanafunzi wake, wakatembee mtaa wa kale kwa miguu. Wote wanataka safari moja: kuvuka maji mafupi kwa pantoni, kwenda ng'ambo na kurudi, na kuona mji uliokuwepo kabla ya babu zetu.

Sehemu mbili zinafaa, na zote mbili nimefika. Kivukoni na Kigamboni, Dar es Salaam, nilikwenda na mama yangu pamoja na mwanangu wa darasa la tatu. Pangani, mkoani Tanga, nilikwenda na mjomba, kaka yake mama. Ukitaka jibu la haraka ni hili: mwenye siku moja au mbili, au mwenye mzee na watoto wadogo, aende Kigamboni. Mwenye siku nne na hamu ya historia aende Pangani, wala asiogope urefu wa njia. Lakini jibu la haraka halimtoshi mtu anayetoa akiba yake ya mwaka, kwa hiyo nitaeleza.

Kwa nini maji

Mama alizaliwa Mvumi. Usichana wake wote aliteka maji kwenye mchanga wa korongo. Unachimba kwa mikono mpaka kiwiko kinazama, unasubiri maji yajikusanye, unateka kwa kata kidogo kidogo, na kibuyu kikijaa jua limeshapanda. Mito yetu ndivyo ilivyo. Januari unaweza kusomba ng'ombe, Agosti watoto wanachezea mpira ndani yake. Hata jina la mji wetu, wazee husimulia, lilitokana na tembo aliyekuja kunywa akadidimia topeni, wakasema *idodomya*. Mtu aliyekulia huku akisimama mbele ya maji yanayobeba magari na watu mia kadhaa kwa mpigo, kuna kitu kinamtokea kifuani. Nimekiona kwa macho yangu, ndiyo maana nalichukulia jambo hili kwa uzito.

Kuna atakayesema Mtera si ipo, tena karibu. Ipo, na naipenda. Bwawa lile la Mto Ruaha Mkuu lilijengwa miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya mitambo ya Kidatu, na barabara ya kwenda Iringa inapita palepale. Perege wa kukaanga wa Mtera ni mtamu. Ila ng'ambo utavuka kwa mtumbwi wa mvuvi tu, na mtaa wa kale hakuna. Nenda Mtera kula samaki.

Bagamoyo nayo inatajwa sana, na kwa haki, maana misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na watemi wetu waliitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kabla ya kuiruhusu kunywa maji ya visima vyao. Historia ile ni yetu kabisa. Lakini Bagamoyo unatembea kwa miguu tu, pantoni haimo katika matembezi yake. Hiyo ni safari ya siku nyingine. Zanzibar ni karibu saa mbili majini kutoka Dar, si safari fupi tena, na mwenye kuchafukwa na tumbo anajuta njia nzima.

Njia

Hapa Kigamboni inashinda, na inashinda kwa mbali.

Treni ya umeme inatoka Dodoma hadi Dar kwa chini ya saa nne. Nauli ya treni ya kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, kwenda tu. Tiketi unakata mapema kwa simu, ukiwa na kitambulisho, na usisubiri dakika za mwisho hasa Ijumaa na Jumapili. Njiani kwenyewe ni sehemu ya matembezi. Mkishapita Gulwe na Kidete, mandhari inaanza kubadilika: mibuyu inapungua, milima inasogea, na kabla ya Kilosa treni inaingia kwenye mahandaki. Yako manne. Mwanangu aliyahesabu kwa vidole, na kila giza lilipoingia alimshika bibi yake mkono akimwambia, "Bibi, usiogope, tunatoka sasa hivi." Bibi mwenyewe alikuwa ametulia tuli, ametazama dirishani tangu Ihumwa.

Faida kubwa zaidi ni mahali treni inapokushusha. Stesheni ya Dar iko jirani na stesheni ile ya zamani ya reli ya kati, ile reli iliyoanza kujengwa Dar mwaka 1905 na kufika Dodoma mwaka 1910. Ukitoka nje umeshakuwa ndani ya mji wa kale. Kutoka hapo mpaka pantoni ni mwendo wa miguu kwa mtu mwenye nguvu zake, na kwa mzee ni bajaji moja. Hakuna daladala ya kugombania, wala foleni ya Ubungo.

Pangani ni habari nyingine. Unapanda basi stendi ya Nanenane alfajiri, unapita Morogoro, unakata Chalinze, unashika barabara ya Segera, Muheza, mpaka Tanga. Ni zaidi ya kilomita 500, siku nzima kitini. Halafu kutoka Tanga mjini kuna kama kilomita 50 nyingine kwenda kusini mpaka Pangani. Unaweza kuanza na treni mpaka Morogoro ukadandia basi hapo, na hiyo inapunguza uchovu, ila mizigo inakuwa ya kupakia na kupakua mara mbili.

Safari yetu basi liliharibika porini, tukakaa kando ya barabara muda mrefu tukila mahindi ya kuchoma ya wanakijiji. Tulifika Tanga usiku, magari ya Pangani yamekwisha, tukalala gesti karibu na stendi. Mjomba, mwenye miaka sitini na minane, aliamka magoti yamevimba. Kwa hiyo kwa Pangani weka usiku mmoja wa akiba katika hesabu yako. Siku moja ya kwenda, siku mbili za kukaa, siku moja ya kurudi, ndiyo chini kabisa. Kwenda Pangani kwa mwisho wa wiki wa siku mbili ni kwenda kuugua.

Pantoni na maji yenyewe

Nisikudanganye: pale Kigamboni unapovuka si mto. Ni mlango wa bandari, mkono mwembamba wa bahari unaoingia nchi kavu, upande mmoja Magogoni na upande wa pili Kigamboni. Mama aliniuliza, "Mto huu unatokea wapi?" nikashindwa kumjibu upesi, kwa sababu hautokei popote, ni bahari imeingia ndani. Ukitaka mto wa kweli, wenye chanzo milimani na tope la nchi za mbali, huo uko Pangani.

Nauli ya mtembea kwa miguu Kigamboni ni shilingi 200. Unapita getini, wenye N-Card, kadi ya kulipia nauli, wanagusa, unasimama kwenye banda pamoja na wachuuzi, wanafunzi, wenye baiskeli na wenye ndoo za samaki, halafu geti linafunguliwa na umati wote unateremka kwa pamoja. Hapo ndipo pa kumshika mzee na mtoto vizuri. Usiwe wa kwanza, acha wenye haraka wapite. Magari yanakaa katikati, watu pembeni na juu. Panda ngazi kama magoti yanaruhusu, kwa sababu juu ndiko kuna upepo na ndiko unakoona. Kuvuka ni dakika chache tu. Meli kubwa ikiwa inaingia bandarini inapita hapohapo mbele yenu, juu kama ghorofa, na pantoni inaipisha kwanza.

Mama alikataa kukaa. Alisimama kwenye ukingo, kiganja juu ya chuma, na pantoni ilipong'oa nilimwona anakibonyeza kile chuma kama mtu anayepima joto la mtoto. Chuma kilikuwa kinatetemeka kwa injini. Hakusema neno mpaka tulipofika. Upande wa pili tulichukua bajaji mpaka ufukweni, akavua viatu, akainamia maji, akachovya kidole, akaonja, akatema, akaonja tena. "Kumbe ni kweli," akasema. Halafu baada ya muda, "Maji yote haya, na hayanyweki." Alikaa mchangani karibu saa nzima akiyatazama. Makombe aliyookota siku ile yako Mvumi, kwenye kabati la dada yake.

Safari hiyo ukiifanya, ifanye katikati ya mchana. Asubuhi sana na jioni wanavuka wafanyakazi, umati ni mkubwa na mtoto anaweza kukuponyoka. Kuanzia saa nne mpaka saa nane kuna nafasi. Na kamera iweke mfukoni upande wa Magogoni: Ikulu iko jirani, walinzi hawapendi picha, na wana haki yao. Ukitaka kurudi kwa gari badala ya maji, kuna Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, lenye urefu wa mita 680, ila sioni kwa nini mtu wa Dodoma aliyefuata maji aondoke kwa daraja.

Pangani sasa. Mto Pangani unakusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Maporomoko ya Pangani, na baada ya kilomita kama 500 unaingia baharini hapo mjini. Maji yake ni mazito, rangi ya chai ya maziwa. Mji uko ukingo wa kaskazini, Bweni ukingo wa kusini, na kati yao kuna kivuko kinachobeba watu, pikipiki na malori.

Angalia kinavyokwenda. Hakikati moja kwa moja. Nahodha anaelekeza pua juu, dhidi ya mkondo, na chombo kinateleza kwa ubavu mpaka kinatua sawasawa kwenye gati la upande wa pili. Tulivuka mara nne, mara mbili bila shughuli yoyote ng'ambo, kwa sababu mjomba alitaka kukiona tena. Yeye ni mfugaji, maisha yake yote amevusha ng'ombe kwenye makorongo yaliyojaa, na ng'ombe nao huwavusha hivyohivyo, kwa kuwaelekeza juu ili maji yawashushe mahali unapotaka watokee. Siku ya pili, bahari ilipokuwa inajaa, tuliona mto umegeuka. Vifuu vya nazi vilikuwa vinaelea kurudi juu, kuelekea milimani. Mjomba alimwita kijana wa madafu amweleze, na kijana akamweleza habari ya maji kujaa na kupwa kwa heshima sana, akimwita babu.

Kivuko kile hakina msongamano wa Kigamboni. Kuna wakati mlikuwa watu kumi, pikipiki mbili na mbuzi. Lakini kinapumzika usiku, basi uliza mapema kivuko cha mwisho ni saa ngapi, usije ukabaki Bweni. Na usioge mtoni hata kama joto ni kali. Mto ule una mamba. Jambo jingine: daraja linajengwa kuvuka mto huo, katika barabara mpya ya pwani kutoka Bagamoyo mpaka Tanga. Anayetaka kumwonyesha mtoto wake Pangani ya kivuko asiache miaka ipite.

Ukiwa na fedha ya ziada, kodi boti ya injini jioni upande juu ya mto. Mikoko pande zote mbili, halafu minazi, halafu kimya. Kigamboni huwezi kupata kimya cha namna hiyo.

Mtaa wa kale

Hapa mizani inageuka, na ndipo penye moyo wangu.

Dar ina majengo mazuri yaliyokaribiana, na unayaona yote kwa saa mbili ukitoka stesheni kuelekea pantoni. Boma la Kale, lililojengwa kwa matumbawe miaka ya 1860 wakati Sultani Majid bin Said alipoanzisha mji, lina milango ya nakshi na ndani siku hizi kuna maonyesho ya usanifu wa jiji. Mbele kidogo kuna Nyumba ya Atiman, ya wakati huohuo, iliyopewa jina la Adrian Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, akatibu watu Karema kando ya Ziwa Tanganyika tangu 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, na Azania Front la Walutheri lenye mnara na vigae vyekundu, yote yamekamilika mwaka 1902. Mama, Mwanglikana wa Mvumi, aliingia yote mawili, akasali katika yote mawili.

Ng'ambo, Kigamboni yenyewe, usitegemee mtaa wa kale. Kuna chuo kilichofunguliwa mwaka 1961 kufundisha viongozi wa nchi changa, Chuo cha Kivukoni, leo Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na kuna fukwe. Kwa hiyo kwa Dar, historia unaimaliza kabla hujapanda pantoni, na ng'ambo unakwenda kupumzika. Mpangilio huo unafaa kwa familia. Lakini majengo yale yamezungukwa na ghorofa na honi, lazima umwambie mtoto, "Tazama hili, liache lile."

Pangani mji wenyewe ndio mtaa wa kale. Unashuka garini, na uko ndani. Barabara inayoambaa na mto ina jengo la forodha la Wajerumani, maduka ya zamani ya Wahindi yenye baraza mbele, kuta zinazomenyeka chokaa mpaka unaona matumbawe, na Boma lenye milango ya nakshi. Boma hilo linatajwa kujengwa mwaka 1810 na tajiri wa Kiarabu, na wenyeji wanasimulia habari nzito za watumwa waliolijenga. Watumwa na pembe za ndovu vilipitia hapa kwenda Zanzibar. Mchukue mzee wa mji akutembeze, umlipe vizuri. Bila msimulizi, Pangani inaweza kuonekana mji mdogo uliochakaa, na utaondoka bila kujua ulichokanyaga.

Mimi nilikuwa nimesoma kidogo kabla, na nilipomsimulia mjomba pale ukingoni, alikaa chini. Mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar aliikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani. Mwezi Agosti ofisa wa kampuni hiyo, Emil von Zelewski, akapandisha bendera ya kampuni hapo Pangani na kuwadharau wakubwa wa mji. Pangani ikalipuka, na vita vikaenea pwani nzima vikiongozwa na Abushiri bin Salim. Mwaka uliofuata Wajerumani wakamleta Hermann von Wissmann na jeshi. Abushiri akashindwa pwani, akakimbilia bara. Na alipokwenda bara, alikwenda wapi? Mpwapwa. Katikati ya 1889 alikishambulia na kukiteketeza kituo cha kampuni hapo Mpwapwa, mkoa wetu huuhuu. Wissmann akafuata akajenga ngome. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani.

Mjomba alisomea ualimu Mpwapwa ujanani. "Nimekaa Mpwapwa miaka miwili," akasema, "na hakuna aliyeniambia kwamba njia ya pale inatokea hapa."

Na Zelewski? Alipanda cheo, akatumwa kuwapiga Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891 watu wa Mkwawa walimngoja Lugalo, karibu na Iringa, akafia hapo na sehemu kubwa ya jeshi lake. Mtu aliyepandisha bendera kwenye mdomo wa Mto Pangani amezikwa nyanda zetu za juu. Kwa hiyo mwalimu wa Miyuji, kama unanisoma, wapeleke wanafunzi Pangani. Wakirudi, wapeleke Mpwapwa, ni kama kilomita 120 tu kutoka mjini. Watoto wetu wanadhani historia ni mambo ya pwani na sisi tulikuwa tunachunga tu.

Kuna na mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliingiza miche kutoka Florida, elfu moja ikafungwa, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Mashamba yote ya mkonge unayoyaona ukipita Kimamba na Kilosa kwa treni chanzo chake ni miche ile 62.

Kula, kulala, na gharama

Kwa Dar, kula Feri, soko la samaki lililo hatua chache kutoka pantoni. Chagua samaki wako mwenyewe, mpelekee mkaangaji, subiri. Pweza na ngisi wapo kwa wasioogopa. Mama alikula changu mzima na ugali, akawa anauliza kama kweli amevuliwa leo. Ukipata treni ya asubuhi na ya kurudi jioni hulali kabisa, na hesabu ya mtu mzima ni nauli mbili za treni, shilingi 400 za pantoni, bajaji na chakula. Ila kwa mzee nashauri mlale usiku mmoja kwa ndugu, kwa sababu kurudi siku hiyohiyo kunambana na mtu anaanza kuangalia saa badala ya maji.

Pangani kuna gesti za kawaida mjini na hoteli za ufukweni upande wa Ushongo, ng'ambo ya kivuko. Kaa mjini. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mihogo ya kukaanga jioni, madafu kila kona. Gharama kubwa ni malazi ya siku tatu na njia ndefu, ukilinganisha na Dar utatumia zaidi ya mara mbili. Mji ni wa Waislamu wengi na wa adabu: vaa vya heshima, wapigie wazee shikamoo, omba ruhusa kabla ya kupiga picha mlango wa mtu. Tulialikwa kahawa mara mbili kwa sababu ya shikamoo tu.

Basi jirani yangu mwenye watoto watatu nimemwambia Kigamboni, siku ya kati ya wiki wakati wa likizo, mwanawe mdogo ambebe mgongoni wakati wa kupanda. Fundi wangu wa Makole nimemwambia Kigamboni pia, na asichelewe, baba yake akiwa bado anaweza kupanda ngazi za stesheni. Mwalimu nimeshamjibu.

Mama naye, baada ya kumsikiliza kaka yake akisimulia mto unaorudi nyuma, anaitaka Pangani. Amesema baada ya kuvuna uwele. Nimepanga tuende na treni mpaka Morogoro tulale hapo, kesho yake basi la kwenda Tanga, tulale Tanga, siku ya tatu ndiyo tuingie Pangani asubuhi wakati maji yanajaa. Ameuliza jambo moja tu, kama maji ya mto ule yanaonjeka.